Nyumba ya Beki Wetu

Katika kambi ya wafanyakazi wa bandari ulikuwapo mstari wa nyumba za matofali uliotazama ziwa, na kila mtu alijua kwamba nyumba zile hazikutolewa kwa ajili ya kazi. Zilitolewa kwa ajili ya miguu. Aliyecheza mpira vizuri aliandikwa bohari au kwenye winchi, akapewa vyumba viwili, paa la bati na jiko la nje. Aliyecheza kidogo tu alipewa kazi akatafute pa kulala. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa kwa jina la mfalme wa Wabelgiji, ingawa uhuru ulikuwa umeshatimiza miaka mitatu, na timu ya bandari ilikuwa kitu kimoja kilichotufanya tutembee Jumapili vichwa juu.

Mimi sikuwa na miguu. Nilikuwa na Kifaransa na mwandiko ulionyooka, kwa hiyo nilipata kiti katika biro, ofisi ya bandari, na timu ikanichukua kuwa sekretere wake. Halafu, kwa kuwa mara nyingi tulipungukiwa watu, wakanivika jezi na kunisimamisha katikati, mbele ya beki wetu, mahali ambapo makosa yangu yangeokotwa haraka.

Naye aliyaokota. Alikuwa mtu wa Kirungu, mzaliwa wa milimani, na alisimama uwanjani kama watu wale wanavyosimama kwenye njia zao za mteremko, magoti yamelegea kidogo, bila kuanguka kamwe. Hakuwa mrefu wala hakuwa na maneno. Neno lake uwanjani lilikuwa moja: “Acha.” Maana yake mpira huu ni wangu, wewe ondoka. Nililisikia neno hilo mgongoni mwangu mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu, na kila nililiposikia nilipumua. Nilimwita yaya, kama kaka mkubwa, naye aliniita mudogo.

Siku alipovunjika ilikuwa kiangazi, vumbi la kiwanja limepanda hadi kwenye meno. Tulicheza na wafanyakazi wa kituo cha umeme cha Bendera, waliokuja juu ya lori wakiimba. Mpira ulinijia mguuni. Nilikuwa nimempita mtu mmoja, nikataka kumpita na wa pili, kwa sababu tu watu walikuwa wakitazama. Nikasubiri kusikia “Acha.” Siku ile hakusema. Nadhani aliona nimefurahi, akaniachia. Nikanyang'anywa mpira, mshambuliaji wao akakimbia peke yake kuelekea goli letu, na beki wetu akaja kwa upande kumzuia. Goti lake lililia kama mti wa muhogo unapovunjwa ili upandwe.

Hospitali walimfunga plasta. Daktari alisema atatembea, lakini mpira asahau.

Tulikutana katika bohari tupu kuzungumza la kufanya. Mwalimu wa timu alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu wa winchi, mzee mwenye mkono mmoja uliopinda, na alipanga makopo kumi na moja juu ya saruji, akaondoa moja. Wote tulitazama pale palipobaki wazi. Akasema tunakosea kupatazama.

“Munataka kuziba shimo na muntu mumoja,” alisema. “Muntu wa vile hayuko. Kila mumoja asogee hatua mbili ndani. Njo basi.” Yaani ni hayo tu.

Akayasogeza makopo yaliyobaki, hatua mbili mbili, na shimo likatoweka mbele ya macho yetu.

Tulifanya hivyo Jumapili tatu. Mbili tulitoka bila bao, ya tatu tukashinda kwa bao moja la kona. Hakuna aliyetufunga. Lakini ulikuwa mpira mbaya kuutazama, watu kumi wamejikunyata kama wanaojificha mvua chini ya mwavuli mmoja. Wauza samaki waliotoka pwani ya kaskazini walikaa kwenye mstari wakatuambia tuache bandari twende kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa kuwa tunajua kujipanga vizuri ndani ya kitunga. Watu walicheka. Nasi tulichoka, maana hatua mbili ni rahisi juu ya saruji, lakini uwanjani ni kukimbia kurudi kila wakati, dakika tisini. Mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika. Hatua zangu mbili zilinipeleka karibu na pale alipokuwa akisimama yeye, na sikupenda kusimama pale.

Mwenyekiti wa komite ya timu alikuwa mkubwa wa biro yetu. Tulimwita Papa Prezida. Yeye alikuwa ameona dawa siku ileile ya ajali: beki wa Bendera, kijana mrefu anayeruka kama samaki anayekimbia wavu. Alikuwa amekwisha kuzungumza naye. Kijana alikubali kuja, ila ana mke na watoto, anataka nyumba. Nyumba zote zilikuwa na watu. Hakuna aliyetaja ni ipi, lakini katika kikao cha pili macho yote yaligeukia upande ilikokuwa nyumba ya mtu mwenye mkongojo.

Kapita alisimama. “Huyu alivunjikia kwetu,” alisema. “Tukimutoa leo, kesho kila mumoja wenu atacheza akilinda goti lake. Mutapata beki, mutapoteza timu.”

“Papa Kapita, wote tunamupenda,” Papa Prezida akamjibu, kwa upole kabisa. “Lakini mapenzi hayapigi kichwa wakati kona inakuja.”

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoamua. Mikono ikainuka. Mimi sikuinua wangu. Sekretere alikuwa na kazi ya kuhesabu, na nilifurahi kuwa na kazi ya kuhesabu.

Barua niliiandika mimi. Enzi hizo nilikuwa nikiazima vitabu kwa mapadri, nimelewa maneno, na sikuwahi kupata mahali pa kuyamwaga. Basi niliyamwaga pale. Kwa Kifaransa kizuri nilimshukuru kwa moyo wake, nikasifu ujasiri wake, nikasikitikia goti lake, na katika sentensi ndefu ya mwisho, laini kama shuka la hospitali, nikamwambia kwamba kazi yake imekwisha na nyumba aiache mwisho wa mwezi wa kumi. Niliipiga kwa mashine. Papa Prezida aliisoma hadi mwisho, akarudia, akaweka sahihi yake, akaniambia naandika vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusoma kitu changu hadi mwisho. Nilirudi nyumbani kwetu nikitabasamu.

Siku mbili baadaye, jua likiwa bado juu, beki wetu aliniita kwake. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, mguu umenyooka, bahasha mkononi. Alisoma Kiswahili cha katekisimu. Kifaransa cha biro hakukijua. Mke wake alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi ili asikie.

“Mudogo, soma,” alisema. “Wewe njo unajua mambo yao.”

Nilisoma Kifaransa chote kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi, na hata pale, Mungu anisamehe, nilisikia kwamba sentensi zinakwenda vizuri. Kisha walinitazama wote wawili, wakingoja maana yake.

Nikasema komite inamshukuru sana. Nikasema inamwombea goti lipone. Nikasema habari ya nyumba wataitazama mwisho wa mwezi wa kumi. Shukrani, goti, nyumba, mwezi wa kumi: yote yalikuwa ndani ya barua. Niliyapanga tu kwa namna nyingine.

“Njo basi?” aliuliza.

“Njo basi, yaya.”

Mke wake akapumua. Akauliza kama mvua ikianza apande maboga nyuma ya jiko, au angoje. Nikamwambia, “Panda, Mama.” Alinipa bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilikula.

Nilijiambia nitarudi kesho kumweleza. Kesho ilikuwa na sababu yake ya kutokwenda, na kesho nyingine pia. Shemeji yake, mwenye mtumbwi wa mashine, alikuwa akishuka kwenda Moba, bandari iliyo chini ya Kirungu, na nafasi ilikuwapo. Aliwaambia wapande wote, wafike Kirungu kabla ya mvua, wapate shamba la kulima. Beki wetu alikataa. Nilikuwapo alipokataa. Alisema wakubwa wameandika angoje, si vizuri kuwaonyesha dharau. Mtumbwi ukaondoka na magunia ya chumvi.

Mvua zilianza. Maboga yakatoa majani mawili, kisha manne.

Siku ya mwisho ya mwezi, lori lilikuja kutoka Bendera na vitanda, kuku, watoto na beki mpya. Mlinzi wa kambi alitangulia na funguo, akakuta mlango wazi na chungu juu ya moto. Biro ilikuwa imenituma mimi na karatasi ya kuweka sahihi. Watu wa mstari mzima walitoka nje. Beki mpya alisimama na godoro kichwani, hajui aliweke wapi. Hakuwa mtu mbaya.

“Yaya, hawakukuandikia?” aliuliza.

Beki wetu alimtazama mlinzi, akatazama karatasi, halafu akanitazama mimi, kwa muda ambao uwanjani angekuwa ameokoa mipira mitatu.

“Waliniandikia,” alisema. “Na nilisomewa.”

Mke wake alimwaga maji motoni. Walianza kutoa vitu, beki wetu kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye mkongojo, na vitu vilikuwa vichache, na mvua ilikuwa ikija kutoka ziwani. Kitanda kilikwama mlangoni. Nikaweka karatasi chini, nikainama nishike upande wa pili.

“Acha,” alisema nyuma yangu.

Nikaacha.

Walilala sokoni kwa watu wa samaki, wakingoja mtumbwi mwingine, na mtumbwi ulipopatikana msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Kapita aliacha kuja mazoezini. Makopo yake tuliyakuta bohari, kumi, yamepangwa. Beki mpya aliruka vizuri sana, na tulishinda. Lakini kila mpira mgumu ulipokuja niliona wenzangu wakivuta mguu nyuma, kila mmoja akikumbuka nyumba yake, na mimi pia niliuvuta. Mwaka uliofuata vita vilifika mjini, timu ikatawanyika, na sijakutana na mtu anayeyakumbuka mabao yetu.

Kabla ya hapo, mwezi wa pili, mke wa beki mpya alituletea boga nyumbani, kubwa, la rangi ya udongo. Alisema ameyakuta maboga nyuma ya jiko, yamezaa hata hajui ayapeleke wapi, na aliyepanda alikuwa na mkono mzuri. Mama yangu alilipika kwa maziwa. Aliniuliza mbona sili, kisha akaniuliza mbona ninakula haraka hivyo.