Bidoni Ndogo za Kwenye Bomba

Nilipata diploma ya shule ya jioni nikiwa na mvi tatu kidevuni na magoti mawili yaliyochubuka. Mvi zililetwa na maisha, magoti yaliharibiwa na benchi. Lile benchi lilitengenezwa kwa mtoto wa miaka saba, na mimi ni mtu mrefu. Nikisimama ufukweni Minago, wavuvi wa upande wa Kongo wananiona wakidhani ni mnara uliojengwa kwa ajili ya simu. Mchana nilibeba mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Kigwena hadi sokoni Rumonge, na jioni niliingia darasani nikinuka mawese kiasi kwamba mwalimu alinikataza kukaa karibu na taa.

Jioni tulikuwa watu wazima wachache. Kila mmoja alikuwa na benchi lake, na aliyechoka alilala juu yake kabisa. Kwa hiyo miaka yote ile niliamini kwamba shule yetu ni pana kama kiwanja cha mpira. Watu walipolalamika kwamba watoto wamejaa, niliwaona wanatia chumvi, kazi ambayo hapa kwetu ni yangu.

Halafu asubuhi moja nilipita kuchukua daftari nililosahau, nikachungulia mwaka wa kwanza. Jamani! Benchi la watu watatu lilikuwa na watoto sita, wengine wako chini kwenye udongo, wengine wamekaa dirishani miguu nje. Viwiko vilikuwa vinagongana hadi mwalimu akagawa darasa kwa zamu: "Wa kushoto, andikeni! Wa kulia, subirini!" Dakika moja baadaye: "Wa kulia, andikeni! Wa kushoto, mikono juu!" Mtoto mmoja alitaka kwenda nje, na kwa sababu njia haikuwepo, wenzake walimpitisha juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, kama kikapu cha samaki wa ndagala kinachoshushwa mtumbwini. Naapa.

Nilisahau daftari. Niliwaza binti yangu wa mwisho. Septemba iliyokuwa inakuja ilikuwa yake ya kuanza shule, naye ni mdogo wa umbo. Upepo wa ziwa ukivuma, mama yake humshika mkono.

Wiki ileile mwalimu mkuu, tunayemwita Madamu Direktrisi, aliita wazazi. Ni mama mfupi mwenye sauti inayosikika hadi kisimani.

"Komine inapanga kwa makaratasi," alituambia, akimaanisha ofisi ya serikali ya eneo letu. "Inatazama wanafunzi wa mwaka jana, inatazama vyeti vya kuzaliwa, inajumlisha, halafu inaamua madarasa. Mutoto asiye kwenye karatasi, kwao hajazaliwa."

Sasa pwani yetu hii, nusu ya familia zimerudi kutoka Tanzania na watoto waliozaliwa hukohuko. Nyingine ni za wavuvi wanaofuata samaki, leo wako Minago, mwezi ujao wako Kabonga. Karatasi inasema neno lake, Septemba inakuja na la kwake. Madamu alisema komine imekubali kusikiliza mara hii. Tukipeleka orodha ya watoto wanaotakiwa kuanza, na orodha ikaaminika, shule yetu itaingia kwenye mpango: komine italeta mabati na saruji, sisi tutaleta matofali na mikono siku za Jumamosi. Madarasa mawili mapya.

"Na isipoaminika?" mtu aliuliza.

"Mwaka wa kwanza ukijaa, nafunga mlango. Nyumba za karibu na kijito zitapeleka watoto shule ya kule juu mlimani."

Nyumba ya mwisho kabla ya kijito ni yangu. Bata wangu wanaoga mle. Na shule ya juu iko ng'ambo ya barabara kubwa, ile ambayo mabasi ya Nyanza-Lac yanaipita kama yanafukuzwa na simba. Mimi mwenyewe, na urefu wangu wote, naivuka nikiwa nimesali.

Madamu aliuliza nani ataandika orodha. Watu wakanigeukia. "Wewe si una diploma?" Kusema kweli, nilikuwa nimeshasimama.

Nilianza asubuhi ya pili, nimevaa shati la mahafali, kalamu mbili mfukoni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama anayeuza unga wa muhogo.

"Amahoro, mama. Watoto wako wangapi?"

"Wako."

"Wako, ndiyo. Wangapi?"

"Wale wale."

"Mama, komine inataka namba."

"Komine iliwazaa?"

Nyumba ya pili mvuvi alikuwa anashona wavu. Akaniambia niandike mtoto mmoja. Nyuma yake mlangoni vichwa vilikuwa vimepangana kama chikichi kwenye kichala.

"Na hawa?"

"Wageni."

Nyumba ya tatu mama mmoja aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi, mwenye Kiswahili cha Tanzania kilichopigwa pasi, alinikaribisha kwa heshima zote. "Karibu, mwalimu," alisema, nami sikumsahihisha. "Mara ya mwisho kuandikisha wanangu tuliambiwa ni orodha ya chakula. Wiki iliyofuata ikatupandisha lori la kurudishwa huku. Kaa unywe chai, mwalimu. Kalamu weka mfukoni." Nikanywa chai. Kalamu ilikaa mfukoni.

Siku nne nilizunguka hivyo. Nilirudi na orodha yenye mwandiko mzuri kuliko orodha zote zilizowahi kuandikwa katika ufuko huu, kusini hadi kaskazini. Madamu aliisoma amesimama. Halafu akakaa.

"Baba, kwa hesabu hii mwaka ujao tutakuwa na wanafunzi wachache kuliko mwaka huu. Watoto wanarudi tumboni?"

"Madamu, watu hawasemi."

Kidole chake kilishuka hadi chini kabisa. "Nyumba ya mwisho, karibu na kijito. Umeweka mstari tu. Hapa si kwako?"

Ilikuwa kwangu. Ningesema nini? Mama yangu alinifundisha tangu sijui kutembea: watoto hawahesabiwi. Ukitaja idadi yao, unawaonyesha kwa kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuwaona. Nilisoma hesabu, nilisoma sayansi, nilisoma hata habari za sayari. Lakini kalamu ilipofika mbele ya jina la nyumba yangu, mkono ulikataa, ukachora mstari, ukaondoka. Siku nne niliwacheka wenzangu moyoni, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuficha.

"Basi," Madamu alisema taratibu, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikufika kisimani, "wa kwanza kuvuka ile barabara atakuwa binti yako. Orodha inaondoka Ijumaa."

Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli, ingawa haikuwa na mzigo. Mke wangu alinikuta nimekaa jikoni.

"Msomi, unalia?"

"Ni moshi."

"Moto sijawasha."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akichambua mboga za lengalenga, halafu akacheka hadi majani yakamwangukia mapajani.

"Wewe ulienda kuuliza watu watoto wao? Uso kwa uso? Ni nani anauliza hivyo! Mimi nikitaka kujua nyumba ya mutu iko namna gani, natazama bidoni zake za maji pale bombani."

"Bidoni?"

"Watoto hatuhesabu. Bidoni tunahesabu kila siku, zisiibiwe."

Nilimtazama mwanamke huyu ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la jioni hata siku moja, nikatamani kumvulia ile diploma nimpe. Kila mtu hapa anajua, mimi peke yangu kwa usomi wangu nilikuwa nimesahau: bombani kila mtoto ana bidoni yake, na ukubwa wa bidoni ni umri wa mtoto. Anayejifunza kutembea anabeba chupa ya mafuta, kwa mchezo tu. Anayekaribia kuanza shule anapewa ya lita tano. Akikua anapewa ya kumi, halafu ile ya ishirini ambayo ndiyo mwisho wa utoto. Na kila moja ina alama yake, kitambaa au tundu lililozibwa kwa plastiki ya moto.

Kesho yake nilikaa juu ya jiwe karibu na bomba, daftari magotini. Sikuuliza habari ya mtoto hata mmoja.

"Mama, hii ya njano yenye kitambaa chekundu ni ya kwako?"

"Ya kwangu. Na ile. Na ile yenye mpini umekatika. Usiiache ile, wataiba!" Huyo alikuwa mama wa unga wa muhogo, aliyeniambia wale wale.

"Mwenye hii anavaa kaki?" Kaki ndiyo sare ya shule yetu.

"Hii bado haijavaa kaki."

Basi nikaandika. Wageni wa yule mvuvi walikuwa na bidoni tatu za lita tano, zote zimefungwa kwa uzi wa wavu wake. Mama wa Kiswahili cha pasi alinivuta shati mwenyewe: "Mwalimu, hujaandika ile ya kijani." Na ya binti yangu niliiandika juu kabisa ya ukurasa, bluu, mfuniko wa gunzi. Mkono haukukataa.

Ijumaa orodha ikaondoka. Jumatatu komine ikampigia Madamu simu. Mpangaji wa shule alitaka kujua ni nani amemtumia hesabu ya bidoni, na kama tunadhani yeye anapanga shule au anapanga maji. Angekuja Jumanne kuona kwa macho yake.

Jumanne bomba likakauka.

Ninaposema lilikauka, msinielewe kidogo. Lilikohoa mara moja alfajiri, likatoa mjusi, likanyamaza. Madamu ndiye aliyeniambia. Bila maji, foleni itatoka wapi? Mpangaji alifika na pikipiki, kofia kichwani, mkoba mgongoni, uso wa mtu ambaye tayari ameandika jibu. Tukatembea naye kuelekea bombani. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha kwa Kifaransa.

Tulipokunja kona, sikuamini. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, kutoka bombani hadi kwenye mashine ya kukamua mawese. Kumbe maji yakikatika, hakuna anayeondoa bidoni yake, maana yakirudi atakuwa wa mwisho! Na juu ya kila bidoni ndogo alikuwa amekaa mwenyewe, akilinda nafasi.

Mpangaji alisimama. "Wote hawa hawasomi?"

"Mukubwa," Madamu akajibu, "saa hii ni saa tatu asubuhi. Wanaosoma wako darasani."

Mtu yule alivua kofia. Akawaambia watoto wapitishe mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili, kama tulivyopimwa sisi sote zamani. Aliyeshika, asimame na bidoni yake mbele. Akina mama walikuwa wamejaa pembeni, wamekunja mikono. Nilijua wanangoja nini: wanangoja awahesabu watoto wao mbele ya watu, kisha wamfukuze na pikipiki yake.

Lakini na yeye alikuwa mtoto wa ufuko huu. Alitoa kalamu, akainama, akaanza kugonga mifuniko. "Bidoni moja. Bidoni mbili. Bidoni tatu." Mikono ya akina mama ikakunjuka.

Akafika kwa binti yangu. Mkono ulipita juu ya kichwa, ukanyooka, vidole vikaishia kwenye nywele. Sikio lilikuwa bado mbali kama Kongo. Aliinamisha shingo, akauma ulimi, akasimama kwa ncha za vidole, kana kwamba hiyo inasaidia. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu bidoni ya kwanza.

"Hii ni ya nani?" mpangaji aliuliza.

"Yangu."

"Ikijaa, unaibeba?"

"Hadi nyumbani. Baba ndiye hawezi. Yeye lazima apate baiskeli."

Akina mama walicheka hadi wale waliokuwa mashineni wakatoka kuangalia. Mpangaji alicheka pia, na katika kucheka akagonga mfuniko wa gunzi, tok, na kuandika. Hewa iliyonitoka kifuani siku ile ingeweza kusukuma mtumbwi hadi ng'ambo.

Mabati yalikuja. Jumamosi baada ya Jumamosi tulibeba matofali, na kama mtu atawaambia kwamba sikubeba nusu ya ukuta wa kaskazini peke yangu, ni wivu. Mvuvi wa wageni watatu alichanganya udongo kwa miguu akiimba. Bomba lilirudi, likakatika, likarudi.

Septemba, siku ya kwanza, niliegemeza baiskeli na mafuta yake kwenye ukuta mpya, nikachungulia. Mwalimu alisema, "Andikeni." Mara moja tu. Wote wakaandika. Binti yangu alikuwa katikati ya benchi, viwiko vyote viwili vimelala juu ya ubao, vimetanuka kama mabawa ya bata, na havikumgusa mtu. Ndiyo raha ile viwiko vyangu vilikuwa nayo jioni, miaka yote, bila mimi kuijua. Nilibaki pale hadi jua likaanza kuchemsha mafuta.

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni.

"Umemuona?"

"Nimemuona."

"Na kwenye benchi wako wangapi?"

"Wako," nikamjibu.