Jiko la maranda halichokonolewi

Juzi hapa Tunduma nilimkuta dereva wa lori anasubiri kuku kwenye jiko la maranda ya mbao. Hatulii. Foleni ya mpakani ikisogea bila yeye, anarudi mwisho, na keshalala humo siku tatu. Kila mara anafunua mfuniko.

“Kaka, ukifunua joto linakimbia,” akasema mama muuzaji.

Mimi niliyechoma ng'ombe wazima, Mlowo mpaka Ivuna, nikamwambia dereva, “Chokonoa lile tundu la katikati, ili moto upande juu.”

Akachokonoa. Maranda yakaporomoka, tundu likaziba, moshi ukatufukuza wote.

“Nimeyashindilia asubuhi nzima! Nani kakutuma?” mama akafoka.

Honi zikalia. Dereva akakimbilia lori lake, kuku mbichi mkononi.

Ushauri wa moto bado natoa, ila kwanza naangalia kama mwenye jiko yupo.