Mama kanifukuza kwenye mpunga

Leo nimefukuzwa na mama yangu mzazi, mbele za watu.

Mama ana maradhi ya kusahau. Kila asubuhi anataka kwenda Mkongo kuamia ndege wasile mpunga, kwenye shamba tuliloacha kulima zamani. Mimi namwambia hakuna shamba, tunabishana mpaka chai inapoa.

Basi leo nikampeleka tukaangalie nyumba ya kutunzia wazee wa hali yake, hapa Kibiti. Nikajifanya mkaguzi: nimebonyeza magodoro, nimechungulia vyoo, nimeonja mchuzi.
(Mchuzi nimerudia, kwa uhakika zaidi.)

Nageuka, mama hayupo!

Nikatoka mbio na kitambi changu. Kumbe yuko uani, kakaa pembeni ya jamvi la mpunga ulioanikwa, fimbo mkononi, anafukuza kuku.

"Mama, twende nyumbani kwanza, tukafikirie."

"Tukafikirie nini? Nikiondoka nani atalinda? Nenda wewe. Na toka hapo, unanikanyagia mpunga!"

Mhudumu akacheka: "Mwache ajaribu wiki hii, kaka."

Sasa niko nyumbani. Chai ya moto, wa kubishana naye sina.

Hebu niambieni jamani, hapa nani kamwacha mwenzake?