Mmoja Anayeendelea

Karani wa takwimu wa chuo hupitisha rula ya mbao chini ya kila mstari, akinong'ona kama anayesali: walioandikishwa, wanaoendelea, waliohitimu. Kompyuta anayo, lakini hesabu yake haiamini mpaka airudie kwa kalamu, ndiyo maana vidole vyake havikosi wino. Akifika kwenye ukurasa wa masomo ya jioni hukohoa kidogo, akaivuta rula haraka na kufunua ukurasa mwingine. Leo msajili mpya, mama asiyepitwa na kitu, aliiwahi rula hiyo kwa kidole.

"Mzee wangu, mwenye nambari hii aliandikishwa miaka kumi na miwili iliyopita, na bado tunasema anaendelea! Anatuharibia jedwali. Tumhamishie kwa walioacha?"

"Mwache, mama. Kabakiza mtihani mmoja tu."

"Kwani unamjua?"

"Namjua sana. Mvivu, maneno mengi. Kila mwaka ananunua daftari jipya, na siku ya mtihani ikifika, tumbo linamkata." Huku akisema, kiwiko chake kilikuwa kinasukuma daftari jipya chini ya mafaili.

Msajili alilitazama daftari, kisha akamtazama yeye.

"Mtihani wa somo gani, mzee wangu?"

Karani aliifuta rula kwa mkono wa shati, taratibu, ncha hadi ncha.

"Takwimu."