Shangazi Alipoilisha Sahani Unga

Nilipokuwa nasomea ufundi wa magari mjini Lindi, mwalimu wetu alitupeleka siku moja kwenye yadi ya malori akatuonyesha kichwa cha semi kilichoachanishwa na tela lake. Nyuma ya kibanda cha dereva, juu ya chasisi, kulikuwa na bamba pana la chuma lenye mdomo uliofunguka kwa nyuma, limepakwa grisi nyeusi. Madereva tuliowakuta wakaliita sahani. Mwalimu akatuinamisha chini ya tela tuone kinachoingia kwenye ule mdomo. Ilikuwa pini moja ya chuma, nene kama kifundo cha mkono wangu. Nikauliza nyingine ziko wapi. Wenzangu, wote wanaume, wakacheka. Mwalimu akasema hakuna nyingine, ni hiyo hiyo.

Nilistaajabu siku ile, na mpaka leo sijaacha. Tela zima na mzigo wake, magunia ya ufuta au mawe ya jasi yaliyorundikwa hadi juu, linapanda vilima na kushuka vilima likishikwa na pini moja na taya mbili zinazoikumbatia. Nyuma ya taya kuna komeo la kuzizuia zisifunguke, na komeo hilo unaweza kulisukuma kwa mkono. Subhanallah! Sikupata tena kuona kitu kikubwa namna hiyo kikitegemea kidogo namna hiyo mpaka nilipokuja kumshika mwanangu wa kwanza shingo nikimwogesha.

Baba yangu ni dereva wa malori hayo. Kwa miaka mingi amebeba jasi kutoka machimbo ya Kilwa, na msimu wa ufuta ukifika anapanda vijijini kufuata magunia. Nilipomaliza chuo nikawa fundi wake, na hapo ndipo tulipoanza kugombana. Vumbi la jasi likiingia kwenye grisi linaigeuza kuwa msasa, linakula pini na taya taratibu. Dawa ya Baba ilikuwa moja tu, kupaka grisi mpya juu ya ile ya zamani. Mimi nilikwangua yote kwa kipande cha ubao, nikaosha kwa dizeli, nikafuta kwa tambara mpaka chuma kikaonekana, kisha nikapitisha kidole kutafuta ufa na kukaza boliti moja moja. Yeye alikaa juu ya ndoo akinitazama.

"Unaiogesha kama mwali," alisema.

"Ndiyo iliyoshika roho yako, Baba."

"Roho yangu ameishika Mungu. Fanya haraka."

Kuunganisha pia tuligombania. Baba alirudi nyuma taratibu mpaka akasikia ka! ya taya kujifunga, basi, kwake kazi imekwisha. Mimi nilitaka ashuke, aingie uvunguni na tochi, aone taya zimefunga nyuma ya pini na komeo limeingia lote. Halafu, miguu ya chuma inayolisimamisha tela ikiwa bado chini na breki zake zimeshika, avute mbele kidogo kujaribu. Aliniambia masikio yake yalikuwa yanasikia ile ka! kabla mama yangu hajanizaa. Mimi nina hasira za karibu, nami nilimjibu vibaya. Hatukusemeshana siku mbili.

Mwaka ule tela letu liliachwa Kikole, kwenye ghala la kijiji, wakulima walijaze ufuta wao. Tuliporudi kulichukua tulifikia kwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye nyumba yake haiko mbali na ghala. Tulifika jua bado liko juu, nami nikaanza kuisafisha sahani pale uani. Shangazi akaja na kigoda chake akakaa kunitazama. Alikuwa hajawahi kuiona kwa karibu, akataka kujua tela linashikwa na nini.

Mtu akiniuliza hivyo sijui kunyamaza. Nikamwonyesha kila kitu. Nikamwambia huu ndio mdomo, na hizi ndizo taya, zinauma pini na haziachii mpaka tufike. Nikapaka grisi nyingi kupita kiasi, kwa kujionyesha tu, maana sahani yenyewe ilihitaji kidogo. Shangazi aliutazama ule mdomo muda mrefu.

"Na mzigo wa kijiji kizima unabebwa na huyu?"

"Huyu huyu, Shangazi."

"Masikini," alisema, akainuka kwenda kuinjika ugali.

Asubuhi watu walikusanyika ghalani, kila mmoja akiyatafuta kwa macho magunia yake juu ya tela. Dua ikasomwa. Baba akarudisha kichwa nyuma, mdomo ukaipokea pini, na wote tukasikia ka! Watu wakaitikia kwa furaha. Baba akanipigia kelele dirishani nikaikunje miguu ya tela tuondoke.

Nikaingia uvunguni kwanza na tochi yangu, ingawa nilijua atanuna. Nikaona komeo limesimama nje, limebakiza upana wa vidole viwili kuingia. Nikamulika ndani zaidi. Taya zilikuwa zimejaa kitu cheupe kilichochanganyika na grisi yangu, kizito kama donge la ugali. Nikakigusa, nikanusa. Ulikuwa unga wa mtama.

Kwetu msafiri wa safari kubwa huombewa kwa unga. Unanyunyizwa, wazee waliotangulia wanatajwa, Bismillahi inasemwa, na hakuna anayeona vinagongana. Shangazi alikuwa ameamka alfajiri na bakuli lake. Nilipomuuliza baadaye alijibu bila wasiwasi wowote. Mimi mwenyewe nilimwambia kile ni kinywa. Yeye hakuona vipi kiumbe kibebe jasho la watu wote wale kikiwa na njaa, basi akakilisha.

Ningecheka, kama si ule mteremko. Ukitoka pale barabara inashuka kwa kona mbili ndefu, na chini kabisa inapita mbele ya shule ya msingi, isiyo na ukuta wala ua, watoto wanacheza hadi ukingoni mwa barabara. Tela likichomoka kwenye kona ya pili halina pengine pa kwenda.

Nikatoka uvunguni nikasema unga lazima utoke. Mzee mmoja akasema dua ikishasomwa haifutwi kwa matambara. Shangazi aliangalia chini. Baba aliona aibu kwa ajili ya dada yake, nami nilimwonea huruma, lakini hasira zangu zilikuwa zimeshapanda.

"Imelia ka," alisema Baba. "Umeisikia. Kunja miguu."

"Sikunji."

"Mwanangu, usinivunjie heshima mbele za watu."

"Vuta kwanza, Baba. Miguu iko chini, mipira ya upepo haijaunganishwa, breki za tela zimeshika. Vuta kidogo tu. Likishika nitamwomba Shangazi radhi kwa magoti, na wewe nitakuomba."

Alivuta kwa hasira, kunikomesha. Kichwa kikaenda mbele. Tela likabaki.

Lilishuka kiasi cha upana wa kiganja, likaikalia miguu yake kwa mlio wa chuma. Vumbi likainuka. Magunia ya juu yakatikisika, yakatulia. Baba akakanyaga breki akakaa ndani, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilikuwa nimesema litachomoka, na bado sikuamini macho yangu. Nililiona tela lote, refu, zito, halijashikwa na chochote, nikakaa chini mchangani.

Shangazi ndiye aliyesogea wa kwanza. Alivua mtandio wake wa mabegani, akapanda nyuma ya kichwa kwa shida, akaanza kuutoa unga kwa mikono yake, akisema na wazee wake kwa Kimatumbi, sauti ya chini, kama anayewaomba wasikasirike. Nikapanda nikamsaidia. Tulikwangua kila kitu, unga wake na grisi yangu, kwa sababu kosa lilikuwa letu sote wawili. Tukaosha kwa dizeli, nikapaka grisi kidogo. Baba akarudi nyuma tena. Safari hii alishuka mwenyewe, akalala chali uvunguni na tochi, akakaa huko mpaka nikadhani ameumia. Komeo lilikuwa limeingia lote. Akavuta mara tatu, na tela likang'ang'ania.

Tuliteremka gia ya chini kabisa. Kona ya kwanza, kona ya pili, kisha tukatokea shuleni, watoto wako mapumzikoni. Siku zote yeye huwapigia honi na kupita. Siku ile alisimamisha lori, akazima injini, akashuka.

Watoto wakamzunguka. "Shikamoo, babu!" waliimba kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Baba hakuwaitikia kwa pamoja. Aliinama kwa aliyekuwa karibu, akamshika kichwani, akasema, "Marahaba." Akaenda kwa wa pili. "Marahaba." Nami niko dirishani nikimtazama, foleni inarefuka, wengine wanazunguka nyuma ili washikwe mara ya pili, na kengele ya darasani ikalia, na mwalimu akatoka kuwaita. Baba akamwinulia mkono amsubiri kidogo, kwa kuwa walikuwa wamebaki wengine hajawaitikia.