Fanesca ya Targelia kwenye Jiko la Kioo

Targelia Moposita alikuwa amechoka kabla Juma Kuu halijaanza. Magoti yalikuwa yamechoshwa na miaka ya kusimama sokoni, mjini Ambato, akiuza mahindi ya kuchemsha, na vidole vilikuwa vimechoshwa na kumenya. Fanesca ndivyo ilivyo. Ni supu nzito ya Juma Kuu, ya nafaka na kunde za aina kumi na mbili, moja kwa kila mtume, na kila punje ya maharagwe sharti ivuliwe ganda lake kwa mkono, moja moja, kama mtoto anayevuliwa nguo akiwa usingizini. Wengi wanaoisifu hawajawahi kuimenyea.

Mwaka huu alimenya kwa hofu. Mwezi Februari upepo wa dirishani ulizima moto jikoni, gesi ikaendelea kutoka, naye alikuwa amesinzia kitini. Jirani yake Piedad ndiye aliyenusa. Siku hiyohiyo binti yake, Narcisa, alifika kutoka Quito, akauondoa mtungi wa gesi na kuleta jiko la umeme lenye uso wa kioo.

"Mama, ukiliweza hili, utabaki kwako," alisema. "Ukishindwa, Ijumaa Kuu nikija kula fanesca nakufungia mizigo, twende Quito."

"Quito kuna nini?"

"Kuna mimi."

 Targelia alimpenda binti yake. Lakini huko Quito angelala ghorofa ya tano, katika chumba kinachotazamana na ukuta, na usiku asingejua ni mlango upi unaolia. Hapa aliujua kila ubao. Alitaka kuzeekea humu hadi mwisho, basi.

Alianza na sufuria ya marehemu mama yake, ya alumini, pana kama beseni la kuogea mtoto. Aliiweka juu ya kioo, akabonyeza. Jiko likalia pii, pii, pii, kisha likazimika.

"Linakutukana, jirani," alisema Piedad aliyekuwa ameegemea mlango.

"Linamtukana mama yangu."

Narcisa alimweleza kwa simu. Jiko lile halina moto. Linapasha kitako cha sufuria chenyewe kwa nguvu ya sumaku, na alumini haisikii sumaku. "Jaribu sumaku kwenye kitako. Ikinata, sufuria inafaa. Isiponata, usijisumbue."

Sumaku pekee nyumbani ilikuwa kwenye mlango wa friji: Bikira wa Baños, picha ndogo aliyoinunua alipokwenda kuhiji huko. Targelia alizigeuza sufuria zake zote kifudifudi, akamweka Bikira juu ya kila moja na kuiinamisha. Kila mara Bikira aliteleza akaanguka. Sufuria za maisha mazima, na hakuna hata moja iliyomshika.

Basi akamtia Bikira mfukoni mwa aproni, akaenda sokoni kwa Abdón, muuza vyombo.

"Bi Targelia! Leo Bikira yuko kwenye maandamano?"

"Anachagua sufuria. Nyamaza ulete."

Abdón alileta mbili. Moja ya chuma kisichoshika kutu, ndogo, kitako kizito. Nyingine ya enameli ya bluu, kubwa, yenye maua. Bikira alinata kote kuwili.

"Chukua ndogo, mama yangu. Kitako kinene, tena tambarare, joto linaenea sawasawa. Hii ya bluu kitako chake ni chembamba kama ganda la kitunguu. Na duara la jiko lako ni dogo, litaichoma katikati, pembeni pabaki baridi."

"Fanesca yangu haiingii humo."

"Si upike mara mbili?"

"Mitume kumi na wawili, Abdón. Nani amewahi kuwagawa katika vyungu viwili?"

"Yuda mpe chungu chake peke yake!"

Wanawake wa meza za jirani walicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akachukua ya bluu. Fanesca yake ilikuwa ikilisha mtaa. Tangu enzi za mama yake hakuna nyumba mtaani iliyokosa bakuli. Sufuria ndogo ilikuwa kama kukiri jambo ambalo hakuwa tayari kulikiri.

Alhamisi nzima alichemsha kunde, kila aina kwa zamu yake. Ijumaa asubuhi akazichanganya zote na boga, maziwa na samaki mkavu aliyetolewa chumvi, akaanza kukoroga. Kwa gesi, alizoea kuinama na kuusoma moto kwa macho. Hapa hapakuwa na cha kusoma, ila namba nyekundu isiyosema kitu. Mwiko ulizidi kuwa mzito. Bega likawaka. Akaketi alipumzishe.

Harufu ndiyo iliyomwamsha.

Alirukia sufuria akainyanyua kwa nguvu zote. Jiko likalia mara moja, likazimika lenyewe. Hakugusa chini kwa mwiko, kama alivyofundishwa na mama yake. Aliimimina taratibu katika sufuria ya zamani. Kwenye kitako cha ile ya bluu ulibaki ukoko mweusi, mviringo kamili kama sahani. Lakini moshi ulikwisha kuingia kwenye maziwa.

Piedad alifika, akaonja, akakiweka kijiko chini. Kisha akasema, "Imwage, jirani. Tutamwambia Narcisa paka kaiangusha."

"Sina paka."

"Nitakuazima wangu."

"Nimeimenya punje kwa punje, Piedad. Siimwagi."

Narcisa alifika adhuhuri na sanduku tupu, akaliacha kando ya mlango. Mama yake alimpakulia. Akaonja.

"Imeungua."

"Imeungua."

Narcisa aliinuka akaenda jikoni. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Nani alizima?"

"Lenyewe. Niliponyanyua sufuria."

"Ulikuwa wapi?"

Targelia aliuona uongo ukiwa tayari mdomoni, mwepesi. Hakuwa na nguvu ya kuubeba.

"Kitini. Nilisinzia."

Narcisa aliketi. Alionekana mzee kwa mara ya kwanza. "Unajua ninavyokuja hapa kila Jumapili, mama? Nikifika kona nashusha kioo cha gari, nanusa kama kuna gesi, ingawa mtungi niliuondoa. Kila Jumapili. Mimi sikuogopa fanesca kuungua." Akapangusa kioo cha jiko, ingawa kilikuwa safi. "Umesinzia, na tumepoteza maziwa tu. Baki, mama. Ila mtaa usiupikie tena. Pika ya kutosha sisi."

Targelia alidhani neno hilo litamvunja. Alilisubiri limuume, halikuuma. Kilichokuja kilikuwa uzito unaoshuka kutoka mabegani, polepole, kama mzigo unaopokelewa na mtu mwingine.

"Haya," alisema.

Miaka yote alikula mwisho, fanesca imekwisha poa, wengine wakikoroga kahawa. Leo aliketi mezani pamoja na Narcisa na Piedad. Narcisa akampakulia, akamwekea yai juu. Fanesca ilikuwa ya moto, yenye ladha ya moshi. Targelia aliila yote, kisha akaomba ruhusa akajinyooshe, na vyombo wakaosha wengine.