Maneno Yasiyoonekana Kwenye Ukurasa

Dorothée hakuacha kitu wazi. Sufuria aliifunika, mlango aliutia komeo, na kazini, kwenye kompyuta, kila alama ya maelekezo aliyoifungua aliifunga, kwani ukisahau moja tu ukurasa mzima huvurugika. Tangu kaka zake wauawe Makobola, hata watu aliwatazama hivyo: nani amefungua nini, na atakifunga lini?

Mwaka 2003, katika ofisi ya shirika moja la afya pale Baraka, yeye na Umwiza, binti wa wafugaji wa milimani, waliandika kurasa za msaada za programu ya kompyuta ya kugawa dawa. Muuguzi wa Kilembwe au wa milimani akikwama, angebonyeza kitufe kimoja tu, na maelezo yangejitokeza kwenye kioo. Waliyapanga baina ya alama: hapa kichwa, hapa hatua, hapa onyo.

Asubuhi moja, akikagua faili za Umwiza, Dorothée alikuta kitu asichokitarajia. Chini ya kila hatua palikuwa na alama ya maficho, ile inayoiamuru mashine isionyeshe kilichomo. Ndani yake: Kinyarwanda, lugha ya askari waliowaua kaka zake, lugha ya adui hapa Baraka. Na kamanda wa mji alikuwa ametuma neno kwamba atapita kukagua mashine. Juzi tu mtu alichukuliwa kwa kukutwa na redio ya mawasiliano, hajarudi.

"Umwiza, umeficha nini humu?"

"Ni ya Mama Nyiramahoro, muuguzi wa kwetu. Swahili anasikia kidogo, français zéro. Nikipeleka diskete kule juu, nitatoa alama, asome."

"Kama ni dawa tu, juu ya nini unaficha?"

"We dada, ungeyaacha wazi hapa Baraka?"

Dorothée aliirudia faili. Hakujua neno hata moja la lugha ile, ila tarakimu hazina kabila. Alipitisha kidole kwenye kioo: vidonge 2 juu kwa Kiswahili, 2 chini mafichoni, siku 3 juu, 3 chini. Zililingana. Lakini yale maneno yaliyo katikati ya tarakimu, nani angemthibitishia?

Mabuti yalisikika barazani. Kamanda akaingia na askari wake.

"Hii mashine inaongea na nani?"

"Na muuguzi, komanda. Akikwama, inamuelekeza."

"Hata mi nimekwama na bibi yangu. Imuelekeze ye!"

Askari wakacheka. Kamanda mwenyewe hakucheka. "Onyesha yote."

Umwiza alirudi nyuma hadi ukutani. Faili ilikuwa na madirisha mawili: la alama, penye Kinyarwanda wazi, na la ukurasa uliokamilika, pasipoonekana maficho. Dorothée alilifunika la alama kwa la pili.

"Ni haya tu?"

"Ni haya muuguzi anaona, komanda."

Kamanda alisoma polepole, midomo ikitikisika, mpaka mwisho wa onyo la kwinini. Akatoka bila kuaga.

"Aksanti, dada yangu," Umwiza alinong'ona.

"Usinishukuru. Nisomee mustari kwa mustari, na useme maana."

"Utajuaje kama sidanganyi?"

"Sitajua." Dorothée alikivuta kiti chake karibu, akafungua tena dirisha la alama. "Anza."